Herufi Moja Kati ya Katyn na Khatyn

Katyn ni kijiji cha Urusi, kando ya msitu ulio magharibi mwa mji wa Smolensk. Khatyn kilikuwa kijiji cha Belarus, kaskazini mwa Minsk. Kutoka kimoja hadi kingine ni zaidi ya kilomita 200. Kwa Kirusi majina haya yanatofautiana herufi ya mwanzo tu, na mtu wa pwani aliyezoea kutamka kheri na khofu hatapata taabu kuisikia tofauti hiyo. Asiyeizoea huandika hili akidhani ameandika lile, na wengi wameshafanya hivyo. Makosa mengi ya tahajia husahihishwa yakaisha. Hili haliishi hivyo, kwa sababu kila jina lina maiti zake, na waliowaua si wamoja.

Nchi za Waslavi zimejaa vijiji vilivyo wajina. Jamhuri ya Czech ina mamia ya vijiji viitwavyo Lhota. Poland imejaa Nowa Wieś, maana yake kijiji kipya tu, na kila kizazi kilichofyeka msitu kikahamia humo kilikuwa na kijiji kipya chake. Penye kivuko cha mto pakaitwa Brod, na vivuko ni vingi. Wenyeji walijua hatari ya jambo hili zamani, ndiyo maana huongeza neno la pili: Český Brod, Uherský Brod, Železný Brod. Ústí iliyo kando ya mto Labe huitwa Ústí nad Labem, na ile ya mto Orlice huitwa Ústí nad Orlicí, ili barua ya mama isipelekwe kwa mama mwingine. Katyn na Khatyn hazikuwa na neno la pili la kuzitenganisha.

Tuanze na Katyn. Septemba 1939 jeshi la Kisovieti liliingia mashariki mwa Poland likateka maelfu ya maofisa. Wengi wao hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa askari wa akiba: madaktari, walimu, wahandisi na wanasheria, walioitwa vita vilipoanza. Tarehe 5 Machi 1940 Stalin na wenzake wa Politburo waliidhinisha wapigwe risasi. Waliofungiwa kambi ya Kozelsk walisafirishwa kwa treni hadi karibu na Smolensk, kundi baada ya kundi. Mmoja wao, Meja Adam Solski, aliandika shajara yake mpaka asubuhi ya 9 Aprili 1940. Aliandika kwamba wamefikishwa msituni, wanapekuliwa, saa yake imechukuliwa. Hakuna maandishi baada ya hapo. Shajara hiyo ilifukuliwa pamoja na mwili wake mwaka 1943.

Waliofukua walikuwa Wajerumani, na tarehe 13 Aprili 1943 redio yao ikautangazia ulimwengu. Moscow ikajibu kwamba Wajerumani wenyewe ndio waliowaua, mwaka 1941. Tume ya Kisovieti ikadai hivyo hivyo Januari 1944, na shtaka hilo likafikishwa hata kwenye mahakama ya Nuremberg, ingawa hukumu haikuligusa. Hapa mwaka ndio ulikuwa ushahidi. Wajerumani waliingia Smolensk Julai 1941, kwa hiyo anayesema 1940 ameshamtaja muuaji bila kumtaja. Mwaka 1976 Wapoland wa London walijenga mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya Gunnersbury, na ugomvi mkubwa wa kidiplomasia ulizuka juu ya tarakimu nne za kuchongwa kwenye jiwe. Wakazichonga: Katyn 1940. Moscow haikukiri hadi tarehe 13 Aprili 1990, chini ya Gorbachev.

Sasa Khatyn. Asubuhi ya 22 Machi 1943 wapiganaji wa msituni walishambulia msafara wa magari ya Wajerumani karibu na kijiji hicho. Kati ya waliouawa alikuwamo Kapteni Hans Woellke, bingwa wa kurusha tufe katika Olimpiki ya Berlin ya 1936. Siku hiyo hiyo kikosi cha polisi wasaidizi wa Wajerumani, namba 118, pamoja na askari wa kikosi cha SS cha Dirlewanger, walikizingira kijiji. Wakawatoa watu majumbani, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga, wakawasukumia ndani ya banda moja, wakalitia moto. Waliovunja mlango wakakimbia walipigwa risasi. Walikufa watu 149, na 75 kati yao walikuwa watoto. Mtu mzima pekee aliyetoka hai katika moto ule alikuwa Yuzif Kaminsky, mfua chuma. Alizinduka usiku akiwa ameungua, akamtafuta mwanawe Adam kati ya miili, akamkuta yu hai bado. Mtoto akafia mikononi mwake.

Leo sanamu ya shaba ya baba huyo, amembeba mwanawe, imesimama pale pale. Mahali pa kila nyumba kati ya nyumba 26 pamejengwa mfano wa bomba la moshi lenye kengele, na kengele hulia kila baada ya sekunde 30. Pembeni kuna makaburi ya vijiji: udongo uliochukuliwa kutoka vijiji 185 vingine vilivyochomwa pamoja na watu wake na havikujengwa tena.

Kumbusho hilo lilifunguliwa mwaka 1969, wakati ambapo kutaja Katyn hadharani kwa mwaka wake wa kweli kulikuwa hatari Poland na Muungano wa Kisovieti. Julai 1974 Rais Nixon wa Marekani alipozuru Muungano huo alipelekwa Khatyn, na jina likaenea katika vyombo vya habari vya dunia nzima. Hapo ndipo wengi wa nchi za Magharibi walipoanza kushuku. Belarus ilikuwa na zaidi ya vijiji 600 vilivyochomwa na watu wake ndani. Kwa nini kikachaguliwa hiki, chenye jina linalofanana na lile lililokuwa likifichwa?

Swali ni halali. Hata hivyo sijaona hati inayothibitisha nia hiyo, na mwandishi mwaminifu hana haki ya kuigeuza shuku kuwa habari. Ninachojua ni kwamba mkanganyiko ulitokea, iwe mtu aliukusudia au la. Msomaji wa Ulaya alisikia Khatyn, akakumbuka Katyn, akabaki na picha moja ya Wajerumani wakiua watu msituni.

Kisha likaja kosa la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza. Baada ya ukweli wa Katyn kutoka, wapo waliosema Khatyn ilikuwa hadithi iliyotungwa kuficha uovu. Watu 149 wakateketea mara ya pili, safari hii kwa maneno. Aliyesema hivyo alidhani anawatetea Wapoland. Hakuna ofisa hata mmoja wa Poland anayepata haki kwa kunyimwa haki mtoto wa Belarus.

Tena Khatyn ilikuwa na siri yake, isiyohusiana na Katyn kabisa. Vibao vya Kisovieti viliandika kwamba wauaji ni mafashisti, basi. Kikosi cha 118 kilikuwa na raia wengi wa Kisovieti waliojiunga na Wajerumani, Waukraine wengi miongoni mwao. Mnadhimu mkuu wa kikosi hicho, Grigory Vasiura, aliishi huru kwa miaka mingi baada ya vita hadi alipohukumiwa Minsk mwaka 1986, na kesi yake haikutangazwa. Anayekwenda Khatyn akitafuta siri ya Katyn huipita siri hii mlangoni.

Hata jina Katyn lenyewe limemeza mengine. Tunasema mauaji ya Katyn tukihesabu watu wapatao 22,000, lakini msituni mle wamelala kama 4,400, wale wa Kozelsk. Wa kambi ya Ostashkov, wengi wao polisi, waliuawa Kalinin wakazikwa Mednoye. Wa Starobelsk waliuawa Kharkiv. Mwaka 2000 makaburi matatu ya kijeshi ya Poland yalifunguliwa, Kharkiv, Katyn na Mednoye, kila moja na vibao vya majina ya watu wake. Waliobaki waliuawa katika magereza ya Ukraine na Belarus. Orodha ya Ukraine ilikabidhiwa Poland mwaka 1994. Ile ya Belarus, yenye watu karibu 3,900, haijapatikana, na familia zao hadi sasa hazina mahali pa kupeleka maua.