Kiti ni cha Nani?

Kila mwaka, kuanzia siku 15 kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina mpaka siku 25 baada yake, China nzima iko safarini. Msimu huo wa siku 40 huitwa chunyun. Wafanyakazi wa viwanda vya Guangdong wanarudi Hunan, Henan na Sichuan kuwaona wazazi, na wengine kuwaona watoto wao wenyewe, waliobaki kijijini na babu na bibi. Treni zinajaa. Viti vikiisha, zinauzwa tiketi zisizo na kiti, na hapo ndipo lilipo swali langu: kwenye treni za kawaida, tiketi ya kusimama ina bei ileile ya kiti kigumu, daraja la chini kabisa.

Yaani mimi niliyekaa na yule aliyesimama ubavuni mwangu tumelipa sawasawa. Mimi niliwahi tu kununua. Sasa, kiti hiki ni changu kweli?

Swali lenyewe ni la zamani. Cicero, katika De Finibus, anampa Cato hoja ya Wastoa: ukumbi wa maonyesho ni wa wote, lakini nafasi aliyokalia mtu ni halali kusema ni yake. Karne ya 4, Basil wa Kaisaria akaugeuza mfano huohuo. Tajiri, alisema, ni kama mtu aliyewahi kuingia ukumbini, kisha akawazuia wengine kana kwamba cha wote kimekuwa chake.

Nani yuko sahihi? Mimi nilisafiri kwa kiti kigumu kutoka Guangzhou hadi Zhengzhou, zaidi ya kilomita 1,500, msimu huohuo. Watu walijaa kwenye korido, milangoni, mpaka kwenye masinki. Waliozoea walikuja na vigoda vya kukunja. Mafundi walikalia ndoo tupu za rangi, ndani wametia nguo. Kila aliyekwenda kuchota maji ya moto ya tambi aliruka miguu ya watu. Usiku ulipokolea, mzee mmoja aliyesimama karibu na benchi letu akasema maneno machache tu, ambayo kwa Kiswahili ningesema: tubanane kidogo. Watatu tukabanana, akawa wa nne. Hakuomba radhi, wala hakushukuru kupita kiasi. Baadaye kijana wa dirishani akainuka kunyoosha miguu, na mama mmoja akakaa pale mpaka aliporudi.

Sisi tuna methali: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naipenda, ila inadhani unachotoa ni chako. Kubanana kule hakukuwa sadaka. Ingekuwa sadaka, mzee angelazimika kujinyenyekeza. Wala halikuwa deni la kudaiwa kwa nguvu. Mwaka 2018, kwenye treni ya kutoka Jinan kwenda Beijing, mwanamume mmoja alikalia kiti cha abiria mwingine akagoma kuondoka, akidai hawezi kusimama. Alipigwa faini ya yuan 200 na kufungiwa treni kwa siku 180. Umma ulimkasirikia, na naelewa kwa nini. Kama kila mwenye shida akijichukulia kiti, basi kiti ni cha mbabe, na mzee wangu wa ndoo asingekipata kamwe.

Kwa hiyo namkubali Cato nusu. Tiketi inamaliza ubishi wa nani akae kwanza. Haimalizi kila kitu kati yangu na mtu ambaye goti lake linagusa bega langu kwa saa kumi na tano. Hebu fikiria daladala za Dar: aliyekaa hupokea mkoba wa aliyesimama, mtoto hupakatwa na asiyemjua. Hakuna anayesema kiti kimebadili mwenyewe. Lakini anayegeukia dirishani na kujifanya amelala, sote tunajua anachokwepa.

Nadhani haki ya kiti inanipa neno la kwanza, si la mwisho. Ninaweza kukataa, pengine nami mgongo unauma, na nitasema hivyo. Nisichoruhusiwa ni kuifanya namba iliyoandikwa kwenye tiketi inijibie. Mtu akisema tubanane, anayeulizwa ni mimi.