Mkono wa Mama na Chombo cha Injinia

Tuanze na usiku ambao wengi wenu mmeupitia. Huko Lubunga, ng'ambo ya mto, mtoto wa miaka miwili ana homa na kikohozi. Mama anamwekea mkono juu ya paji la uso, anasikiliza kifua chake. Binti mkubwa anashika taa. Baba anasema, "Ni malaria tu, mama, mpe vidonge." Mama hakubali, lakini hana neno la kumshinda. Anajua kwa mkono, na mkono hauandiki hesabu.

Kumbe hesabu ipo. Waganga hufundisha kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye kikohozi, akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika moja hali ametulia, yafaa kumshuku nimonia, yaani homa ya mapafu. Malaria nayo huleta homa na huweza kuharakisha pumzi. Ndiyo maana magonjwa haya mawili huchanganywa mara nyingi, na mtoto akapewa dawa isiyo yake.

Katika nchi jirani ya Uganda, Olivia Koburongo, msichana aliyesomea uinjinia wa mawasiliano, alimwona bibi yake akihamishwa kutoka hospitali hadi hospitali. Nimonia ilipotambuliwa, wakati ulikuwa umekwisha pita. Basi yeye na mwenzake Brian Turyabagye wakabuni koti la mtoto, wakaliita Mama-Ope, ndilo tumaini la mama. Ndani yake mna vihisio, vyombo vidogo vinavyosikiliza mapafu, kupima joto na kuhesabu pumzi. Habari zake hupelekwa kwenye simu. Mwaka 2017 koti hilo, ingawa lilikuwa bado la majaribio, liliteuliwa kugombea tuzo ya uinjinia ya Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Je, kumsomesha binti kazi ya namna hii ni haki yake, au ni anasa? Wako watu wema wasemao: mwanamke awe muuguzi, yatosha, mitambo ni ya wanaume. Siwadharau. Wengi wao ni baba wenye karo ya mtoto mmoja na watoto watano nyumbani.

Lakini sikilizeni habari ya Uswidi. Arne Larsson alikuwa akizimia mara nyingi kila siku kwa sababu moyo wake ulisimama-simama. Mkewe, Else-Marie, alikwenda kumsihi injinia Rune Elmqvist na daktari Åke Senning, wala hakukubali kuambiwa kwamba chombo hakijawa tayari. Elmqvist akakitengeneza haraka, akitumia kopo la dawa ya viatu kuwa kalibu. Tarehe 8 Oktoba 1958 chombo hicho cha kuuamsha moyo kiliwekwa ndani ya mwili wa Larsson. Kilizimika baada ya saa chache, wakaweka cha pili. Larsson aliishi hadi mwaka 2001. Injinia na daktari wote wawili walimtangulia kufa.

Mwanamke huyo ndiye aliyeijua haja, kwa kuwa ndiye aliyekesha. Ila ilimbidi kusihi. Na wangapi walisihi wasisikilizwe? Koburongo naye alikuwa amekesha, lakini alikuwa na elimu ya kushika kazi mwenyewe. Hapo ndipo naona haki inapokaa.

Tena chombo huona lile ambalo mtengenezaji amelifikiria. Wakati wa korona wengi waliona kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga katika ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio hicho kilikosa kugundua upungufu mkubwa karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kilisema "yatosha", kumbe haitoshi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini sisi Wakristo tunajua kwamba mtu hukosa pia kwa kutotimiza wajibu, na wajibu mmoja ni kuwaweka mezani wale watakaopimwa.

Wala asiseme mtu kwamba mabinti wetu hawawezi. Chini ya mto huu huu, Kinshasa, injinia Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha mwaka 2013 maroboti ya kuongoza magari njia panda, na madereva wakayatii. (Madereva wa Kinshasa! Hilo peke yake ni ajabu.)

Yabaki shaka moja, nayo ni ya kweli: chombo kikisema "salama" na mama akisema "hapana", nani asadikiwe? Mimi nasema tuhesabu tena, kisha twende hospitali. Chombo kimekuja kumpa mama neno, hakikuja kumnyang'anya.

Koti lile halijafika Lubunga. Usiku ule binti aliyeshika taa, wa mwaka wa sita wa shule ya msingi, ambaye karo yake ilikuwa bado inabishaniwa, alichukua simu ya baba yake, akatazama dakika moja ikipita, akahesabu kifua cha mdogo wake kikipanda na kushuka. Akasema, "Baba, ni 52." Baba akanyamaza kidogo. Kisha akatafuta viatu vyake, akaenda kumwamsha mwenye mtumbwi.