Ndoo ya Nyanya, Ndoo ya Jirani

Mlangoni kwangu kuna ndoo sita na hakuna hata moja ya maji. Ni ndoo zile za rangi, za lita 20, nilizonunua kwa fundi mmoja. Nilizitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, nikajaza udongo, samadi na mchanga kidogo. Tatu zina nyanya, mbili mchicha, moja pilipili.

Wapangaji wenzangu wa hapa Dar es Salaam watanielewa. Ukilipa kodi ya miezi sita sita hupandi mwembe, maana mwembe utamzalia mwenye nyumba. Unapanda kitu ambacho siku ya kuhama kinapanda kirikuu pamoja na godoro. Nilidhani basi kwamba bustani yangu ni jambo langu mwenyewe, halimhusu mtu. Kumbe.

Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua na jiji likaingia kwenye mgao. Uani kwetu tuna vyumba vitano na bomba moja. Ilikuwa unakesha unasikiliza kama bomba litakohoa. Jioni moja nilikuwa na madumu mawili yaliyojaa. Jirani wa chumba cha pili akabisha hodi, mtoto mgongoni.

"Dada, nisaidie hata nusu dumu. Huyu ana homa, nimuogeshe."

"Pole mama. Yamebaki ya kupikia tu," nikamjibu.

Alfajiri alinikuta nimeinama na kopo juu ya nyanya. Hakusema neno. Akanisalimia, "Umeamkaje?", akapita zake. Afadhali angenitukana.

Nilijitetea sana moyoni, na utetezi wangu haukuwa wa kipuuzi. Mche ulioko ardhini ukikosa maji unaweza kushusha mizizi kuyatafuta. Wa kwenye ndoo hauna pa kwenda. Mizizi inagonga plastiki, jua linachemsha udongo, na jioni majani yamelala. Ni mimi niliyeufunga mle. Kwa hiyo ninawiwa nao, na deni hilo haliniambii nilipe siku za neema tu.

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alichapisha makala yenye mfano ambao wengi mtaukumbuka. Unapita kando ya bwawa, unaona mtoto anazama. Ukiingia, nguo zako zitachafuka kwa tope. Nani atasimama akipima nguo na mtoto? Singer aliutumia mfano huo kudai kwamba hata mwenye njaa wa nchi ya mbali anatudai. Wapinzani wake wengi hushika hapo kwenye umbali. Mimi sikuwa na umbali wa kujifichia. Homa ile ilikuwa ukuta mmoja tu kutoka kitandani kwangu.

Basi nikajiuliza: nyanya zangu zilikuwa nguo tu za kuchafuka, au na zenyewe zilikuwa zinazama, tena kwenye bwawa nililolichimba mimi? Nadhani ni kweli zilikuwa zinazama. Lakini deni langu kwa nyanya nilijitwisha mwenyewe, kwa raha zangu, kwa hamu ya kuona kitu cha kijani. Mtu hawezi kulipa deni la hiari kwa kukata haki ya mwenye shida. Ikibidi kuchagua kweli, nyanya na ife. Itaniuma, ila na ife.

Shida ni kwamba sikuwa na hakika kama ilibidi kuchagua. Ndoo tatu za nyanya zilikunywa kama lita 4 kwa siku. Jirani aliomba 10. Nilikuwa na 40. Hesabu ilikuwa inakubali, yaani kwa kujibana tu. Mimi niliruka hesabu nikaenda moja kwa moja kwenye uongo, kwa sababu ukweli ungenilazimisha kusema kwa sauti: mama, sehemu ya maji haya ni ya nyanya. Niliona aibu kuisema sentensi hiyo. Na jambo ambalo huwezi kumwambia anayeumizwa nalo, mara nyingi jibu lake unalo tayari.

Homa ya mtoto ilipita, si kwa msaada wangu. Nyanya za kwanza zilipoiva nilichuma nane, nikazipeleka kwenye sahani. Nikamwambia yote, na hesabu zangu. Alicheka kidogo, si sana. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Jioni akaileta na beseni mkononi, maji meupe ya kuoshea mchele.

"Haya, wape wagonjwa wako. Mimi haya nayamwaga kila siku."

Kila siku! Muda wote ule nilikuwa nalinda maji safi dhidi ya mtu aliyekuwa anamwaga maji yanayozifaa nyanya zangu. Siku hizi ndoo zinakunywa maji ya mchele na ya kusuuzia mboga kutoka vyumba vitatu. Ya sabuni tu ndiyo siyataki. Na kila mwenye beseni anachuma akipita.

Sijasema tumemaliza. Siku mgao ukirudi mkali hata mchele haupikwi, na mtu akabisha hodi, nitajibu nini kabla sijapata muda wa kufikiri? Hilo silijui mpaka nisikie hodi. Wewe je, ndoo yako ya nyanya ni ipi?