Kata Ubao wa Kwanza

Plaiwudi moja ina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Shika vipimo hivyo, maana ndani yake mna chumba cha kulala watu wawili, chenye milango, madirisha na jiko la nyuma, na gari dogo la familia linaweza kukivuta hadi popote barabara inapofika. Nakwambia kwa sababu ninacho. Nimekijenga mwenyewe kwenye gereji ya nyumba ninayopanga hapa Minnesota: mimi, mwanamke niliyekulia Pemba, mfanyakazi wa zamu za usiku, ambaye hadi majira ya baridi ya mwaka juzi sikuwahi kushika msumeno.

Naandika kwa ajili yako wewe ambaye umeyatazama matrela haya mara mia, ukatamani, kisha ukajiambia kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Nami nilijiambia hivyo hivyo kwa miaka minne. Naihesabu kuwa miaka minne ya kiangazi tuliyoipoteza nyumbani, watoto wakitazama ziwa kwenye simu.

Kwanza ujue trela hili lilizaliwa kwa ajili ya nani. Wamarekani hulifananisha na tone la chozi: mbele limeviringika, nyuma limeteremka taratibu. Lilianza kuonekana kwenye barabara zao miaka ya 1930, uchumi ukiwa umeanguka, na likapendwa zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipokuwa na hamu ya kusafiri na pesa kidogo mfukoni. Mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha ramani ya kujijengea. Watu wakatumia walichokipata: alumini iliyobaki vitani, hata magurudumu ya jeep. Miaka sitini na ushei kabla yao, mwaka 1885, daktari Mskochi William Gordon Stables alikuwa ameagiza kiwandani Bristol gari lake la matembezi, Wanderer, nyumba nzima ya mbao iliyovutwa na farasi wawili. Lilikuwa zuri, lakini ilibidi uwe na fedha za kuliagiza na farasi wa kulivuta. Chozi ni la mtu mwenye mshahara wa kawaida na Jumapili yake.

Udogo wake una sababu. Upana wa plaiwudi ndio uliokuwa kipimo. Ubavu mmoja unatoka kwenye ubao mmoja, sakafu ubao mmoja, na paa hupindwa juu ya mataruma kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa hiyo usihangaike kutafuta ramani ya trela kubwa lenye bafu. Nimeona matrela ya namna hiyo yamefunikwa turubai nyuma ya nyumba za watu, mifupa mitupu, yakingoja muda ambao mwenyewe hana. Jenga dogo ulimalize.

Ngoja nikueleze siku iliyonigeuza. Nilikuwa nimelaza plaiwudi sakafuni, nimepiga mistari ya penseli, na nukta za pinde nimezipima kwenye ramani moja moja. Nilipoziunganisha kwa mkono, mstari ukatoka una vinundu. Nikafuta, nikarudia, vinundu vikabaki. Nikakaa chini nikitaka kulia. Ndipo nikakumbuka pwani yetu. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikitumwa kuwapelekea mafundi wa mashua kahawa na kashata. Nilimwona fundi akichukua upau mwembamba, akiupinda taratibu kwenye misumari, kisha anajitenga hatua tatu, anafumba jicho moja. Upau ukikaa vibaya anausogeza kidole kimoja. Hakuwa na karatasi. Ubao wenyewe ndio uliomwambia palipokosewa, maana ubao haukubali kupinda kwa vinundu.

Nikagonga msumari kwenye kila nukta, nikatafuta upau wa msonobari usio na fundo, nikaupinda. Nikajitenga hatua tatu. Nikafumba jicho. Ulikuwa pale, mstari mmoja mlaini tangu kichwani hadi mkiani, na nilichora chozi langu kwa pumzi moja.

Usiniambie basi kwamba hujui lolote. Umelelewa na watu wanaotengeneza vitu. Umemwona mtu akisuka ukili, akichonga mwiko, akiunga bomba kwa mpira wa baiskeli, akipima kitambaa kwa dhiraa. Yote hayo yako ndani yako, yanangoja kazi. Anza, uone yatakavyojitokeza.

Vifaa havikufilisi. Nilianza na futikamba, msumeno mdogo wa umeme wa kukatia pinde, drili, msasa na jiriwa nane, ingawa jiriwa hazitoshi kamwe. Kata nje kidogo ya mstari, kisha ushuke kwa msasa. Bana mbavu zote mbili pamoja uzisawazishe kwa wakati mmoja, ziwe pacha. Ukikosea hapo, milango na paa vitakukumbusha kila siku.

Chasisi nilinunua, sikujaribu kuilehemu. Nakusihi ufanye hivyo hivyo kama hujui kulehemu. Ekseli, springi na kiungo cha kuvutia vinabeba uhai wako na wa watu walio nyuma yako barabarani. Kisha upime uzito. Langu ni kilo 480 likiwa na godoro na sufuria zake. Mzigo unaoelemea kiungo cha mbele uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Kwa langu ni kilo 48 hadi 72. Ukizidisha mzigo nyuma, trela litaanza kuyumba kwenye mwendo, na ukipoteza mkia wake umepoteza usukani. Gogo fupi la mbao juu ya mizani ya bafuni litakupa jibu kabla hujatoka getini.

Adui mkubwa ni maji. Plaiwudi hunywa maji kupitia kingo zake, pale matabaka yanapoonekana, kwa hiyo kila ukingo na kila tundu la skrubu lilishwe epoksi kabla ya rangi. Na hapo nilipata somo langu. Kwa haraka ya kumaliza kabla ya zamu, nilichanganya kopo zima kwa mara moja. Epoksi ikiwa nyingi chomboni hujipasha moto yenyewe. Kopo likaanza kufuka moshi mkononi, nikalikimbiza nje, likaganda kuwa jiwe. Changanya kidogo, mimina kwenye chombo kipana, paka. Viungo vyote vya nje vitie kalafati kama mashua: gundi nzito ya kuzibia chini ya kila ukanda wa chuma, hasa kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, ambako matrela mengi huvuja.

Weka matundu ya hewa mawili, moja chini na jingine juu, yasiyozibika. Na jiko, la gesi au la mkaa, lisiwashwe ndani hata kama baridi inauma. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na chumba hiki ni kidogo sana. Ndiyo maana jiko la chozi liko nyuma, chini ya mlango unaoinuka: unapika umesimama nje, paa likikukinga mvua. Tunapikia hapo uji, chapati na chai ya tangawizi.

Tunza stakabadhi zote. Katika majimbo mengi ya Marekani trela la kujijengea hukaguliwa, likapewa nambari yake ya utambulisho, kisha likasajiliwa. Uliza ofisi ya jimbo lako mapema, maana wengine hutaka kuona taa na viakisi kabla ya lolote.

Ilinichukua miezi saba, Jumapili na Jumanne. Kuna wiki nilizofanya kazi ya nusu saa tu: kupiga msasa taruma moja, kupaka ukingo mmoja, kuzima taa. Nazipenda wiki hizo kuliko zote. Ukichoka, fanya la nusu saa. Usiifunge gereji bila kugusa ubao.

Septemba tulilivuta hadi Ziwa Superior. Saa nane usiku mvua ikaanza, ile mvua nzito inayokuja na upepo wa ziwa. Watoto walikuwa kwenye hema lao kando yetu. Wakaja mbio wakajibana nasi, wanne kwenye chumba cha watu wawili. Nilisikiliza matone yakipiga paa nililolipinda kwa mikono yangu, sentimita chache juu ya uso wangu. Nikanyoosha mkono gizani nikapapasa chini ya bawaba ya nyuma, mwisho hadi mwisho. Pakavu. Mume wangu akauliza kama ninalia, nikamwambia ndiyo.

Sasa wewe. Pima urefu na upana wa mlango wa gereji yako leo, maana trela likimalizika lazima litoke. Mwombe mwenye nyumba ruhusa. Jumamosi nenda duka la mbao, uchague plaiwudi iliyonyooka, isiyo na mapengo ukingoni. Ubao wa kwanza mwombe kijana wa dukani akusaidie kuupakia garini. Wa pili utaupakia mwenyewe.