Je, Utamu Tunaowapa Watoto Ni Upendo?

Ukarimu ni miongoni mwa tabia njema ambazo watu wa Afrika Mashariki wanajulikana kwazo. Mgeni akibisha hodi, hata kwa mtu mwenye kipato kidogo, mtoto hutumwa upesi dukani kuleta soda. Mtoto mwenyewe akifaulu mtihani hupewa soda, akilia hunyamazishwa kwa soda, na siku ya arusi au ya Idi makreti hupangwa hadi mlangoni. Nia ya mambo haya bila shaka ni njema. Lakini je, nia njema yatosha kulifanya tendo kuwa jema?

Kwanza na tuitazame hesabu. Chupa ya soda ya kola yenye mililita 350 ina sukari ipatayo gramu 37, yaani kama vijiko 9 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote aipatayo mtu katika chakula, na kwamba ni bora zaidi isizidi nusu ya kiasi hicho. Kwa mtu mzima nusu hiyo ni kama gramu 25 kwa siku. Basi chupa moja tu imekwisha kuupita mpaka huo, na kwa mtoto mwenye mwili mdogo mpaka u karibu zaidi. Wala si soda peke yake: maji ya ukwaju au ya ubuyu yaliyokolezwa sukari nyumbani yamo katika hukumu hiyo hiyo. Tena vinywaji havishibishi kama chakula. Mtu huinywa sukari hiyo, kisha akala sahani yake kamili. Na ziada hugeuka mafuta mwilini, na kufungua mlango wa kisukari na maradhi ya moyo.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walionekana kuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika uchunguzi huo huo watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Taifa moja lina ziada na upungufu kwa pamoja. Ingawa sababu zake ni nyingi, fedha inayonunua soda haiwezi kununua tena maharage wala yai.

Wako wasemao: "Tumbo ni langu, nani wa kuniuliza?" Jibu ni kwamba mwili ni amana tuliyokabidhiwa, wala hatukuuumba wenyewe. Na hata kama hoja hiyo ingekubaliwa kwa mtu mzima, haimhusu mtoto, kwani yeye hakuchagua; tulimchagulia sisi. Uingereza iliacha kugawa sukari kwa kipimo mwaka 1953. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa watu ambao mimba na utoto wao wa mwanzo uliangukia katika miaka ya kipimo walipata kisukari cha ukubwani kwa kiasi cha theluthi moja pungufu kuliko waliozaliwa baadaye. Mazoea ya siku za mwanzo humfuata mtu hadi uzeeni.

Wengine husema kuwa unene ni dalili ya neema. Hili ni kosa. Lakini kumcheka mtu mnene ni kosa vile vile. Unene una sababu za urithi, za kazi ya kukaa, na za umaskini pia, wala dhihaka haijamponya mtu yeyote. Anayestahili kuulizwa zaidi ni yule anayejua madhara na bado akawatangazia watoto. Mexico iliweka kodi ya peso moja kwa kila lita ya vinywaji hivi mwaka 2014, na manunuzi yakapungua. Afrika Kusini nayo ikaweka kodi yake mwaka 2018. Hata hivyo, sheria haiwezi kuingia jikoni mwetu na kutulelea watoto.

Ndugu msomaji, Qurani Tukufu katika Sura ya 7 inaturuhusu kula na kunywa, na papo hapo inatukataza kupita kiasi. Hatukuharamishiwa utamu, bali tumewekewa kipimo. Ni ajabu basi kwamba katika Ramadhani, mwezi wa kuifunza nafsi kujizuia, meza nyingi za futari hujaa vinywaji vya sukari kuliko miezi mingine yote! Tukijizuia mchana kutwa na kufidia yote usiku, tumejifunza nini?

Mgeni aweza kuheshimiwa kwa dafu, kwa tunda, au kwa maji safi na uso mkunjufu. Mtoto aweza kutuzwa kwa kitabu, au kwa saa moja ya kukaa na baba yake. Kupenda ni kumtakia mtu heri ya leo na ya kesho pia. Na zawadi inayomfurahisha mtoto leo ikamdhuru akikua, hata ikitolewa kwa mapenzi, bado haijatimiza haki ya mapenzi. Mwenyezi Mungu atujalie kuitunza amana hii. Amin.