Uso ni wa Nani?

Katika biashara karibu zote tuzijuazo, mnunuzi huuziwa kitu ambacho hakuwa nacho. Mwenye njaa huuziwa mkate, na aliye uchi huuziwa nguo. Iko biashara moja ambayo mtu huuziwa kitu alichotoka nacho nyumbani kwake asubuhi, nacho ni sura yake. Hiyo ni biashara ya picha za papo kwa papo: mpiga picha huingia katika shughuli ya watu, akawapiga picha, akazitoa kwenye karatasi pale pale, kisha akawatandazia wazichague na kuzilipia kabla hawajatawanyika. Nataka kuuliza swali moja tu juu yake. Anapouza karatasi ile, mpiga picha anauza nini hasa? Na je, ni chake?

Nachagua mfano wa Arusha, ambako kazi ya tafsiri imenipeleka mara kadhaa, kwa kuwa mji ule umeishi kwa mikusanyiko. Huko ndiko lilikopatia jina lake Azimio la mwaka 1967. Huko, tarehe 28 Agosti 2000, ulitiwa saini mkataba wa amani wa Burundi chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela. Huko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliendesha kesi zake mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na huko yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ongeza juu ya hayo mahafali ya vyuo vya Njiro, Tengeru na Usa River, kipaimara katika makanisa yaliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, na harusi za Jumamosi ambazo misafara yake hutanguliwa na gari la matarumbeta. Hapana wiki inayopita bila ya watu kuvaa nguo zao nzuri na kusimama pamoja. Na pale watu wanaposimama pamoja wamevaa nguo nzuri, mpiga picha hana haja ya kualikwa.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mbio. Mpiga picha alikuwa na mkanda wa picha thelathini na sita. Akiumaliza, humkabidhi kijana aupeleke mjini ukasafishwe, naye arudi na bahasha kabla ya watu kumaliza kula. Aliyechelewa alikuta viti vitupu na hasara mkononi. Siku hizi mashine ya kuchapa huwekwa juu ya meza ndogo nje ya ukumbi, au ndani ya gari, na picha hutoka katika muda usiozidi dakika. Ndani yake mna utepe wenye vipande vya rangi vilivyofuatana: njano, waridi iliyokoza, samawati, na cha mwisho kisicho na rangi, ambacho huifunika picha isichubuke. Joto huihamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi. Edwin Land, Mmarekani aliyevumbua kamera ya Polaroid iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, alisimulia kwamba wazo lake lilitokana na binti yake mdogo aliyemuuliza kwa nini hawezi kuiona picha yake papo hapo. Swali la mtoto yule ndilo msingi wa biashara nzima. Binadamu hapendi kuisubiri sura yake.

Sasa tuitazame hesabu ya biashara hii, maana maadili yasiyojua hesabu huwa ni mahubiri matupu. Utepe ule huliwa kipande kizima kwa kila picha, iwe nzuri au mbaya, inunuliwe au iachwe. Mpiga picha amekwisha lipia karatasi, utepe, umeme au petroli ya jenereta, na nauli ya bodaboda, kabla hajaijua nia ya mteja hata mmoja. Muuza machungwa aliyekataliwa na mteja wa kwanza humngoja wa pili. Picha haina mteja wa pili. Sura ya Juma hainunuliwi na Hamisi, ila labda kwa mapenzi au kwa ubaya. Basi hili ni soko la mtu mmoja, na katika soko la mtu mmoja kila upande una nguvu na kila upande ni dhaifu. Mnunuzi aweza kungoja mpaka shughuli ikaribie kwisha, akataja nusu ya bei, akijua kwamba karatasi ile ikikosa yeye ni takataka. Muuzaji naye anajua kwamba kitu alichokishika hakipatikani kwa mtu mwingine yeyote duniani.

Hapo ndipo aibu inapoingia sokoni. Picha hutandazwa juu ya meza, au juu ya turubai chini, au huning'inizwa kwa vibanio, ili kila mmoja aitafute yake. Lakini macho hayana pazia. Anayeitafuta yake huziona na za wenzake: mjumbe wa mkutano aliyesinzia, mama aliyefumba macho wakati mdomo umejaa, wawili waliokaa karibu kuliko ilivyopasa. Wapo wanaonunua kwa kuipenda picha, na wapo wanaonunua ili kuiondoa machoni pa watu. Pesa ni zile zile na bei ni ile ile, lakini malipo ya pili yana jina jingine, na jina hilo linakaribiana sana na fidia. Ugumu zaidi ni pale picha inapowekwa mkononi mwa mtoto siku ya mahafali ya skuli, naye akamkimbilia mzazi wake mbele ya wazazi wenzake. Mzazi yule haulizwi kama anataka. Anaulizwa kama anampenda mwanawe, na swali hilo halina punguzo la bei.

Kwa upande mwingine, pitia barabara ziendazo kwenye mbuga za wanyama kutoka Arusha, nawe utaliona jambo hili likiwa limegeuzwa. Mtalii akiinua kamera yake kumwelekea Mmasai aliyevaa rubega, mara nyingi Mmasai humdai malipo. Watu wengi humcheka au humlaumu kwamba ameufanya uso wake kuwa duka. Lakini hebu tuyaweke mambo mawili haya ubavu kwa ubavu. Katika wilaya moja, yuko mtu anayelipwa kwa kupigwa picha na yuko mtu anayelipishwa kwa kupigwa picha. Wote wawili wamefanya kitendo kimoja, yaani kusimama na kuonekana. Ikiwa uso ni mali ya mwenyewe, Mmasai yuko sahihi na mgeni wa harusi ameonewa. Ikiwa picha ni mali ya aliyeifanyia kazi, mgeni wa harusi anadaiwa kihalali, na Mmasai anadai kisicho chake. Hatuwezi kumcheka mmoja na kumtetea mwingine bila ya kwanza kuamua uso ni wa nani.

Sheria imeamua nusu nusu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huitambua picha kuwa kazi ya ubunifu, na haki yake huanza kwa aliyeipiga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, humtazama mtu ambaye taarifa zake zimekusanywa na kumpa ulinzi. Karatasi ni moja, na kila sheria imeishika kwa ncha yake. Yote mawili ni kweli, na kwa hiyo hayatoshi: hayatuambii la kufanya pale kwenye meza nje ya ukumbi, saa kumi na mbili jioni, wakati muuzaji na mwenye uso wanatazamana.

Nadhani mila zetu zina jambo la kutufundisha hapa. Malenga aliyesimama harusini akamsifu mgeni ambaye hakumwomba sifa naye ameichukua sura ya mtu bila ya ruhusa na kuifanyia kazi. Anayemsifu akipenda, humtunza. Asipopenda, hukaa kimya, na ubeti hubaki angani hauna wa kuutazama. Hakuna anayemwonyesha kidole kwamba sifa zake bado hazijalipiwa. Kazi ya malenga hutangulia na malipo hufuata kwa hiari, kama ilivyo kwa mpiga picha, lakini malenga hana cha kuanika. Tofauti iko hapo. Tatizo la biashara hii, kwa maoni yangu, haliko katika kupiga picha wala katika kuuza. Liko katika kule kuanika.

Huku pwani tumelijua hilo kwa njia yetu. Harusi nyingi za wanawake, Unguja, Lamu na Mombasa, huwekewa sharti kwamba kamera isiingie, na simu nyingine huachwa mlangoni. Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, alitoa kitabu kizima mwaka 2013 juu ya picha na stara katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakati huo huo pwani hii imependa studio tangu zamani. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi vya watu wa Unguja vimekwenda kwa miguu yao kukaa mbele ya kamera zake. Watu hao hao wanaozuia picha harusini huenda studio bila ya wasiwasi. Si unafiki. Aliyekwenda studio amechagua siku, nguo, na mtu wa kumwonyesha. Picha yake hutoka katika bahasha.

Lakini tusimtupie lawama zote mpiga picha. Yuko mgeni ambaye, alipoiona kamera, alinyoosha tai yake, akamvuta mwenzake karibu, akatabasamu, na baada ya picha ya kwanza akaomba irudiwe kwa kuwa alifumba macho. Huyo amekwisha kusema ndiyo, ingawa mdomo wake haukutamka neno. Saa mbili baadaye akipita kando ya meza kama asiyeijua picha yake, au akaipiga picha ile karatasi kwa simu na kuirudisha mezani, amefanya dhuluma ndogo. Ni ndogo kwake. Kwa kijana aliyenunua utepe kwa mkopo si ndogo. Twapenda sana kuzungumza juu ya haki ya mwenye uso, nasi tunasahau kwamba mwenye kamera naye ana watoto.

Wapo wasemao kwamba mjadala huu umepitwa, maana kila mtu ana kamera mfukoni. Sioni hivyo. Simu huibiwa, huanguka, hujaa. Vijijini Meru utawakuta wazee ambao picha yao pekee iliyo kwenye karatasi ni ile waliyopigwa harusini kwa mjukuu, na iliyonunuliwa na mtu mwingine kwa huruma. Na siku ya msiba, wakati familia inatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, mara nyingi hupatikana hiyo hiyo, imekatwa ili bibi harusi asionekane begani mwa marehemu. Aliyeipiga hakuwa amealikwa. Picha ambayo ilikuwa kero saa kumi na mbili jioni imekuwa uso wa mwisho ambao ukoo mzima utaukumbuka. Kwa sababu hiyo siwezi kuunga mkono rai ya kuwafukuza wapiga picha wa aina hii katika shughuli zetu.

Jibu langu, basi, ni kwamba kazi ni ya mpiga picha na uso ni wa mwenyewe, na kwamba vitu hivi viwili vikikutana kwenye karatasi moja, mpiga picha anakuwa mwenye mali na mwenye amana kwa pamoja. Kwa mali yake ana haki ya kutaja bei na kuisimamia. Kwa amana aliyoishika ana wajibu. Aombe kwa jicho kabla hajapiga; jicho hujibu upesi kuliko mdomo. Asimpe mtoto karatasi ambayo mzazi hajaiona. Aziweke picha katika bahasha zenye namba, au azionyeshe kwa mwenyewe peke yake, hata kama atauza chache zaidi kwa kuikosa ile aibu iliyokuwa ikimuuzia. Na zile zisizonunuliwa asizitupe barabarani, bali azichane au azichome, au, ikiwa mwenyewe alisimama kwa hiari naye hana kitu, ampe.

Na autazame utepe. Watu wengi hawajui kwamba utepe uliokwisha tumika hauwi mtupu. Kila mahali ambapo rangi ilihama pamebaki alama, na mtu akiunyoosha mbele ya mwanga ataziona sura zote, rangi zikiwa kinyume, moja baada ya nyingine, za walionunua na za waliokataa, za walioomba kupigwa na za walioficha uso wakachelewa. Utepe ule hauna bei na hakuna anayeuulizia. Kwa kawaida hutupwa jalalani nyuma ya ukumbi. Mpiga picha anayeuchukua nyumbani na kuuteketeza hatasifiwa na mtu, wala hataongeza senti katika mfuko wake. Lakini mimi, nikiulizwa ni nani katika ukumbi ule wa kumwamini na uso wangu, nitamtafuta huyo.