Mlango wa Hondohondo



Mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha tulisafiri kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Gari likaharibika katikati ya miombo, nasi tukakaa kivulini muda wa saa mbili. Juu yetu palikuwa na mti mkuukuu wenye tundu, na tundu lenyewe limezibwa kwa udongo, isipokuwa ufa mwembamba kama ule wa sanduku la sadaka. Mara akaja ndege mwenye mdomo mkubwa uliopinda, akashika gome la mti, akatia panzi katika ufa. Ncha ya mdomo mwingine ikatokeza kutoka ndani, ikapokea. Akaenda zake, haikupita robo saa akarudi tena. Dereva wetu, mzee wa Ukaguru, akasema, "Padre, huyo ni hondohondo. Mkewe yumo ndani."

Ndivyo ilivyo. Siku za kutaga zikifika, hondohondo jike huingia katika tundu la mti na kuziba mlango kwa udongo, kinyesi na mabaki ya chakula, ili nyoka na wezi wengine wasipate njia. Katika aina ndogo ndogo za miombo, jike akiisha kujifungia hupukutisha manyoya yote ya kurukia, ya mbawa na ya mkia. Fikirini hali yake: yumo gizani juu ya mayai, na hata mtu akimvunjia ukuta hawezi kuruka. Chakula chake, na baadaye cha makinda, chapita katika ufa mmoja kutoka katika mdomo mmoja. Makinda wakikua kiasi, manyoya ya mama huwa yameota. Ndipo avunjapo ukuta, akatoka kumsaidia mumewe, na makinda wenyewe, pasipo kufundishwa, huuziba tena mlango nyuma yake.

Hondo wakubwa wa misitu ya milimani wana desturi kali zaidi. Bwana Moreau, mtaalamu Mwingereza aliyekaa Amani katika milima ya Usambara, aliwachunguza pamoja na mkewe, na habari zao zikachapwa mwaka 1941. Kwa hao jike hukaa kifungoni zaidi ya miezi mitatu, mpaka kinda aweze kuruka, na dume huja na matunda tele kooni, akiyatapika moja moja. Mdomo wao si mzigo mdogo. Kwa hondohondo wote mifupa miwili ya kwanza ya shingo imeungana ili kuubeba.

Hapa yawezekana mhubiri kusema: enyi waume, mwigeni hondohondo! Nasi tulikwisha kuandika hivyo, kisha tukaichana karatasi. Kwa maana katika miombo ile ile anaishi mlembe, yule ndege mdogo awaongozaye watu kwenye asali. Jike lake hutaga katika kiota cha wengine na kwenda zake. Kinda lake huanguliwa kipofu, mdomo wake ukiwa na kulabu mbili kali. Kwa hizo huwauma makinda wa mwenye nyumba hadi wafe, na baada ya siku kadhaa kulabu hudondoka. Je, huyo naye tumwige?

Wataalamu hutuambia kwamba desturi hizi zote mbili zilijengeka polepole katika vizazi visivyohesabika, kwa kuwa waliozifuata ndio waliosalimisha uzao wao. Mzazi asifadhaike mtoto akileta habari hizo kutoka shuleni. Papa Pio XII aliwaruhusu wataalamu mwaka 1950 kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, na Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba fundisho hilo ni zaidi ya dhana tupu. Bwana wetu alituambia tuwatazame ndege ili tukumbuke ni nani awalishaye. Hakutuambia tuwafanye katekisimu. Hondohondo hakuulizwa neno. Hana stahili akileta panzi, wala mlembe hana dhambi. Lakini mwanamume aliulizwa mbele ya altare, watu wakisikia, akajibu.

Siku ile, tulipofika Kilosa, tulimkuta mama mmoja akitungoja barazani. Ndoa yao tuliifungisha sisi wenyewe. Mumewe alikwenda kukata miwa, na tangu Pasaka hajaleta salamu wala senti, ingawa siku hizi fedha hupita katika simu kwa dakika moja. Tulimwuliza kwa nini asirudi kwa wazazi wake. Akajibu kwamba nauli hana, na mtoto ana majuma matatu tu.

Huenda mume huyo anasomewa gazeti hili huko kambini. Basi, ndugu yetu, pokea habari: ni mtoto wa kike, na mama yake hajampa jina, akisema kazi hiyo ni yako. Ubatizo ni Dominika ya tatu ya mwezi ujao, Misa ya kwanza. Mabasi ya kutoka Mikumi hupita kila siku.